Léonie Hajazaliwa Mwaka Huu

Jumatatu, 14 Juni 1954

Na ijulikane kwa wakazi wote wa Élisabethville, hasa wa mtaa wetu wa Kenya, na zaidi ya wote kwa Floribert: leo jioni mimi, Liévin, karani wa ghala la reli, nimenunua kitambaa cha meza. Cheupe. Kina maua pembezoni. Hakuna aliyefariki wala vita vilivyotangazwa, lakini historia ya mtaa itabidi ianzie hapo.

Sababu ni hii. Mwezi uliopita Floribert, karani mwenzangu ambaye dirisha lake linatazama choo changu, alimfanyia binti yake Wivine sherehe ya siku ya kuzaliwa. Anniversaire! Keki, mishumaa, gramafoni. Hotuba yenye neno la Kifaransa "néanmoins", yaani hata hivyo, mara mbili. Tangu siku hiyo wajumbe wa Cercle hawana habari nyingine mdomoni. Cercle ni chama chetu sisi tuliosoma, tunaovaa tai hata kukiwa na joto na kuhesabiana uma mezani. Na Jumapili ya kwanza ya Julai Cercle inachagua mwenyekiti. Wagombea: Floribert na mimi. Mwenyekiti hushika ufunguo wa kabati la vitabu na hukaa kiti cha mbele siku za sikukuu. Nautaka ufunguo ule. Nimeutaka tangu nilipokuwa na nywele.

Wanangu wanatimiza miaka sita tarehe 27. Tatizo dogo: ni wawili, pacha. Mapasa. Léonard alitangulia, Léonie akamfuata. Nyumbani tunawaita Kyungu na Kabange, kama mapasa wote wa kwetu Uluba. Lakini nimeichunguza vizuri picha katika gazeti la Wazungu. Kichwa cha meza, kimoja. Taji la karatasi, moja. Mtoto, mmoja. Basi nimekata shauri. Mwaka huu ni anniversaire ya Léonard. Ya Léonie itakuwa mwakani. Utaratibu!

Nimemweleza mke wangu Régine. Ameweka sufuria chini, akatoka nje. Nadhani ameguswa.

Jumatano, 16 Juni

Baridi kali. Nimekwenda mjini kwa baiskeli, pua ikitangulia kuganda, kumwona Mutale. Mutale ni mpishi wa Madame mmoja wa Kizungu na ana ruhusa ya kutumia tanuru lake siku za Jumamosi. Nimeagiza keki ya duara, sukari juu, jina la Léonard kwa rangi.

Mutale akauliza ya pili ataandika jina gani. Nikasema hakuna ya pili. Akaacha kumenya viazi. Yeye ni Mubemba, na Wabemba nao wana mambo yao ya mapasa, kwa hiyo nilipata mahubiri. Bantu ba mapasa, ndugu, unawapa sawasawa: nguo sawa, nyama sawa, hata kofi ukipiga huyu unapiga na ule. Nikamwambia taratibu kwamba hayo ni ya kijijini. Akasema tanuru la Madame linaingiza keki mbili bila kusukumana. Nikasema moja. Akasema mbili. Nikasema moja, nikapanda baiskeli kabla hajaendelea.

Njiani majirani wakanisalimia "Shamapasa!", yaani baba wa mapasa. Ni cheo kikubwa kwetu, lakini hakifai kwenye kadi ya mwaliko. Mimi ni Monsieur Liévin. Nimewaambia mara nyingi. Hujibu, "Ndiyo, Shamapasa."

Ijumaa, 18 Juni

Nimewaita watoto, nikawaketisha, nikawafafanulia utaratibu. Léonard amezaliwa tarehe 27 ya mwaka huu. Léonie, mwakani.

 Léonie akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu:

"Papa, basi sasa miye bado kuzaliwa?"

Nikasema, kwa namna ya kusema, kwa upande wa keki, bado. Nilidhani nimejibu vizuri.

Baada ya chakula Régine alimwita aoshe masahani. Hakuja. Alikuwa ameketi chini ya meza, amejifunika kitenge cha mama yake mpaka kichwani. Akasema kutoka humo: "Muntu bado kuzaliwa hawezi safisha masahani." Nikamwamuru atoke. Akasema hatoki mpaka mwakani, iko giza na iko joto.

Régine alicheka mpaka akashika ukuta. Kwangu mimi hajacheka tangu Jumatatu.

Jumapili, 20 Juni

Fedheha. Léonie amekataa kwenda Misa: ambaye hajazaliwa hajabatizwa. (Nani anamfundisha teolojia mtoto huyu?) Amekataa pia viatu. Mtoto aliye tumboni, anasema, havai viatu. 

Léonard ndiye aliyeniua. Ndugu yake akikosa, naye anakosa nusu. Ndivyo walivyo tangu wanyonye. Yeye kwa kuwa amezaliwa alikubali kwenda kanisani, lakini kwa kiatu kimoja. Kushoto kiatu, kulia vumbi. Nilimvuta, nikambembeleza, nikamtishia. Kiatu kimoja. Tulipita mlango mkuu wa kanisa hivyo, tak, pwa, tak, pwa, mpaka benchi la mbele.

Floribert alinisubiri nje. Akavua kofia. Akauliza kwa adabu zote kama hii ni mode mpya kutoka Brussels, maana angependa kumwagizia Wivine. Nikamjibu kwamba daktari ameshauri hewa. Akasema, "Ah bon. Mguu mumoja tu?" Nikasema tunaanza na mmoja.

Hata hivyo nimetoa mialiko. Floribert amekubali mara moja. Mzee Alexis, katibu wetu, mwenye miwani na sauti ya hakimu, naye atakuja, na wajumbe wengine na wake zao. Kura zangu zote zitakaa mezani pangu zikila keki.

Jumanne, 22 Juni

Msiba! Mama mkwe amefika.

Ametoka Kamina kwa treni bila taarifa. Yaani bila taarifa kwangu. Walinzi wa treni ni wajomba wa mke wangu, na habari katika nchi hii husafiri kwa reli upesi kuliko shaba. Ameshuka na vikapu viwili, kuku wawili, mikeka miwili midogo, na vifurushi viwili vya pemba, ule udongo mweupe wa kupaka mapasa. Vyote viwili viwili. Sikuhitaji kuuliza kilichomleta.

Asomaye haya baada ya kifo changu ajue ugumu wa jambo lenyewe. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, hawasemezani. Heshima. Tangu nimwoe Régine, Mama Ngoie hajanitamkia neno moja, na kwa kweli tumeishi kwa amani kubwa. Lakini sasa amekaa sebuleni. Kwenye kiti changu. Kwa hiyo mimi, mwenye nyumba, mgombea, siwezi kuingia sebuleni mwangu. Bukari yangu ya jioni, yaani ugali, nimeilia jikoni, nimechuchumaa kando ya makaa. Hotuba nimeifanyia mazoezi mbele ya banda la kuku. Kuku wawili wa Kamina walinisikiliza bila huruma.

Alhamisi, 24 Juni

Mazungumzo. Mimi uani, Mama Ngoie sebuleni, mlango wazi kati yetu, Régine mlangoni akipeleka na kuleta. Namsikia mama mkwe kila neno, ila heshima inataka nisubiri Régine anirudishie.

Mama Ngoie alisema, kwa sauti ya kutosha kusimamisha baiskeli barabarani, kwamba huyo mwanamume kichwa chake kimejaa wino. Régine akaniambia mama anasema umesoma sana.

Mama Ngoie akasema sherehe ya mapasa bila nyimbo za mapasa ni kuwaita watoto waugue, na kumpa Kyungu peke yake ni kumfukuza Kabange duniani. Régine akaniambia mama ana wasiwasi kidogo.

Nyimbo hizo! Niandike tu, ni shajara yangu. Mapasa wakisherehekewa, watu huwatukana wazazi wao kwa nyimbo. Matusi ya kweli, ya masikio, ya tumbo, na ya huko chini. Siku hiyo heshima hufunguliwa kamba, na mzazi akinuna ndiye mwenye makosa. Haya yaimbwe mbele ya Cercle? Mbele ya Mzee Alexis? Karibu na kitambaa changu chenye maua?

Nikamtuma Régine aseme kwamba hii ni nyumba ya mtu aliyeendelea. Mama Ngoie akajibu kwamba kama ameendelea, arudi kidogo achukue mtoto wake mwingine aliyemwacha njiani.

Régine hakunirudishia hilo. Alinitazama tu.

Ndipo wazo likanijia, safi kama sabuni mpya. Victorine, dada yake Régine, anakaa Katuba, ng'ambo tu. Nikapeleka ujumbe: sherehe ya Jumapili ni mkutano wa wakubwa tu; ile ya mapasa, na nyimbo zake zote, itafanyika Jumatatu. Mama akapumzike kwa Victorine Jumamosi na Jumapili, na Léonie amsindikize bibi yake.

Nilitarajia vita. Mama Ngoie akasema vema, muzuri, ataenda. Upesi hivyo! Nimemshinda mama mkwe kwa akili tupu. Wanaume wangapi wa Katanga wanaweza kuandika sentensi hii?

Jumamosi, 26 Juni

Wameondoka. Léonie alibebwa mgongoni, kitenge mpaka kichwani, maana asiyezaliwa hatembei. Nimekaa kwenye kiti changu. Bado kina joto lake.

Kila kitu tayari. Uma zimepangwa, santuri zimeazimwa, taji limekunjwa. Mutale amesema keki ataileta mwenyewe kesho. Nimeingiza "néanmoins" tatu katika hotuba.

Léonard amekaa kwenye ngazi tangu mchana na kiatu chake kimoja, anatazama upande wa Katuba. Nimempa kipande cha muwa. Amekivunja katikati, nusu akaila, nusu akaifunga kwenye leso. Nimekwenda kukagua uma tena. Hazikuwa na kosa.

Jumapili, 27 Juni

Kwa ajili ya gazeti la Cercle: "Sherehe ya anniversaire katika makazi ya Monsieur Liévin ilifana sana. Wageni wa heshima walihudhuria. Kulikuwa na hotuba fupi, keki na muziki wa kila aina. Wageni waliondoka wakiwa na furaha kubwa, baadhi yao bila tai."

Jumatatu, 28 Juni

Sentensi zile ni za kweli zote. Sasa niandike jinsi ilivyokuwa.

Wageni walifika kwa wakati, jambo ambalo peke yake lilipaswa kunitisha. Floribert aligusa kitambaa cha meza kwa vidole viwili, akanikubalia kwa kichwa. Mutale aliweka keki mezani, akaniambia ana shughuli kidogo nje, akatoka. Léonard alikaa kichwa cha meza na taji lake. Yaani alikaa nusu ya kiti. Nusu nyingine aliiacha wazi, na kila nilipomsogeza katikati alirudi ukingoni.

Nikaanza hotuba. Nikafika "néanmoins" ya kwanza. Nikamwalika Léonard azime mishumaa sita. Akasema atazima mitatu.

Nikacheka kwa ajili ya wageni. Nikamwambia yote, mwanangu. Akasema mitatu iko yake, mitatu iko ya Kabange. Kisha akaizima kwa vidole vilivyolowekwa mate, mmoja, mmoja, mmoja, ili asikosee akapuliza ya ndugu yake. Akaondoa mkono mezani, akaangalia mlango. Mitatu iliyobaki ikaendelea kuwaka na kudondosha nta juu ya sukari. Hakuna aliyekula. Mke wa Mzee Alexis alinong'ona, "Kwani yuko wapi mwenzake?" Mezani macho yote yalinitazama mimi.

Hapo tukasikia wanawake barabarani.

Walitoka Katuba kwa miguu, Victorine na nusu ya wanawake wa mtaa wake, majani viunoni, wakipiga makopo. Mbele yao Mama Ngoie. Mabegani mwa Victorine, Léonie, uso mweupe kwa pemba, kitenge bado kichwani. Bila shaka walikuwa wameelewana na Régine tangu Alhamisi, maana mke wangu alishafungua mlango wote wazi na kusogeza meza ili wapite.

Mama Ngoie akasimama mlangoni. Akaniangalia. Usoni, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Ana macho mazuri, sikuwahi kujua. Kisha akafungua kinywa, na maneno yake ya kwanza kwangu katika maisha haya yalihusu masikio yangu: kwamba ni milango ya behewa iliyosahauliwa wazi. Wanawake wakaitikia. Akaenda kwenye tumbo langu, linalofika kazini kabla yangu. Kisha akashuka chini zaidi. Karatasi hii ni ya mtu mwenye familia, siandiki.

Wajumbe wa Cercle walikuwa wameganda, uma hewani. Nikamtazama Mzee Alexis ili nimwombe radhi. Alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa inatembea. Mwitikio wa pili ulipokuja aliuimba wote, neno kwa neno, kwa sauti ileile ya hakimu, yakiwemo ya huko chini. Mkewe akampigia makofi. Naye ni Shamapasa, kumbe! Miaka yote hii, nyuma ya miwani.

Nikamgeukia Floribert. Huyu, nikajua, atatabasamu, na tabasamu lake litakuwa kaburi langu.

Floribert alikuwa analegeza tai. Akaivua. Akapanda juu ya kiti (kiti changu) na kuwanyamazisha wanawake kwa mkono, nao wakanyamaza, maana walijua anachotaka. Akaimba ubeti wake mwenyewe, alioutunga papo hapo kwa Kiluba. Kwa Kiswahili ni hivi:

Karani wa ghala, kuhesabu ni kazi yake,
anahesabu magunia, anahesabu misumari;
usiku mmoja kazaa wawili,
asubuhi kaandika mmoja!

Nyumba ilipasuka. Waliurudia mpaka watoto wa barabarani wakaujua. Leo ghalani nimeusikia kwa wapakiaji, na mimi sikuwafundisha.

Baadaye, katikati ya kelele, nilimwuliza Floribert amejifunzia wapi. Akasema kwamba yeye ni Kabange. Kyungu wake yuko kwao Kabongo, analima; hawajaonana tangu yeye aletwe shule ya wamisionari. Hakuwa ameimbiwa nyimbo hizi tangu utoto. Akasema asante, Liévin. Nikasema néanmoins.

Yeye ndiye aliyempokea Léonie kutoka mabegani mwa Victorine na kumweka kwenye ile nusu ya kiti. Léonard alitoa leso yake na kumpa nusu ya muwa. Léonie akauchunguza, akautafuna, kisha akanitazama kutoka chini ya kitenge.

"Papa, sasa nimezaliwa?"

Watu wote wakangoja. Hata makopo yakanyamaza.

Nikasema umezaliwa. Nikasema ulizaliwa siku ile ile, nyuma ya kaka yako kidogo, ukipiga kelele kuliko yeye, na mimi nilikuwa nje ya dirisha, na mkunga aliposema kuna mwingine nilikaa chini kwenye matope kwa furaha. Ni kweli. Nilikuwa nimesahau kwamba nilikaa.

Akavua kitenge. Akazima mishumaa yake mitatu kwa pumzi moja, na mate mengi. Ndipo Mutale akaingia kutoka nje na ile shughuli yake: keki ya pili, duara, sukari juu, LÉONIE kwa rangi. Akaipita mikono yangu kama mtu asiyenifahamu, akaiweka mezani. Akasema tu kwamba tanuru la Madame, alishaniambia.

Kitambaa cha meza kina nta, pemba, sukari na alama ya mguu wa mtu. Régine amenicheka tena. Safari hii na mimi niliona kichekesho.

Jumapili, 4 Julai

Uchaguzi umefanyika. Floribert, kura zote. Zote pamoja na yangu: walipouliza nani anamtaka Floribert nilikuwa nauimba ule ubeti moyoni, mkono ukapanda wenyewe. Ufunguo wa kabati ameufunga kwenye mnyororo wa saa. Unang'aa vibaya sana.

Mama Ngoie bado yupo, na heshima imerudi mahali pake. Hanitazami, hanisemeshi. Yeye sebuleni, mimi bandani. Kuku wamebaki wawili. Hakuna aliyethubutu kuchinja mmoja.

Nimekaa na makaa yangu, nikatafakari kwa kina nimejifunza nini. Nimekwisha kuona kosa lilipokuwa. Kitambaa. Cheupe kinawavuta watu. Mwakani bluu.

Na kuna habari nyingine, kubwa: Régine ana mimba! Nimefurahi mpaka nimegonga kichwa kwenye banda. Huyu atakuwa mmoja. Kichwa cha meza kimoja, taji moja, bila nyimbo wala mama mkwe, na Floribert atakuja kujifunza. Nimekwenda mbio mjini kumwagiza Mutale keki mapema, moja.

Niliporudi nilimkuta Régine mlangoni, na sauti ya mama yake ikatoka sebuleni, fupi. Nilisikia vizuri, ila nikasubiri nirudishiwe.

Régine akasema mama amelishika tumbo langu leo asubuhi, na anakuomba urudi kwa Mutale ukamwulize tena lile tanuru linaingiza ngapi.

Sirudi. Nimeshaagiza moja.